Siku Bi Somoe Alipompima Lugendo Kaburi

Iko nchi moja mbali sana na hapa, nanyi msijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana ramani zake zote zimefungiwa kabatini kwa sababu za kiusalama. Inaitwa Jamhuri Tulivu. Anayedhani anaifahamu ni heri anyamaze, asije akaulizwa aliijulia wapi.

Watu wa Jamhuri Tulivu ni wa kawaida kabisa. Wanakula wakipata, wanazaa, na wanashukuru. Wamo Wabondeni na wamo Wamlimani. Zamani za mababu walipigana na kuchomeana mashamba mpaka pande zote mbili zikachoka, ndipo wazee wakakaa kitako wakakubaliana kwamba vita iendelee, ila iendelee kwa mdomo tu. Tangu siku hiyo wakawa watani. Mbondeni akikutana na Mmlimani ana ruhusa ya kumtukana, kumvua kofia, kuchota chakula sahanini mwake na kumtangazia kifo mbele ya wakwe zake. Anayekasirika ndiye aliyekosa adabu, na wenyewe husema utani una watu wake.

Bi Somoe alikuwa Mbondeni, mjane wa makamo, mwembamba wa mwili lakini mnene wa sauti. Aliuza dagaa na samaki wakavu pale Soko Kuu. Meza iliyopakana na yake ilikuwa ya Lugendo, Mmlimani, muuza maharage. Walikaa hivyo kwa miaka, na tangu soko lifunguliwe asubuhi hadi lifungwe jioni walikuwa wakitukanana bila kupumzika. Wapo wateja waliokuwa na maharage tele nyumbani, wakaja kununua mengine ili wasikilize.

"We Mmlimani, bado hujafa tu?"

"Nitakufaje, na harufu ya dagaa wako inanizindua kila nikisinzia?"

"Heri harufu ya dagaa, mtu anaiona inatoka mezani. Ya maharage kila mtu anajua inakotoka, ila anaona haya kusema!"

Basi soko zima hucheka, na Lugendo hucheka kuwashinda wote, mpaka anashika mbavu. Paa la Bi Somoe lilipovuja, ni Lugendo aliyepanda juu kuliziba, huku akitangazia mtaa mzima kwamba maji yenyewe ndiyo yamekuja kumwogesha mwenye nyumba. Hivyo ndivyo walivyopendana, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ni upendo.

Sasa ikawa kwamba Waziri wa Tahadhari alisafiri ng'ambo kwa ziara ya mafunzo. Mafunzo yenyewe hakuyafikia, kwa kuwa alizuiliwa uwanja wa ndege akichunguzwa mkanda, viatu na nia. Watu wengine wangenung'unika. Waziri alivutiwa. Aliona jinsi wenzetu walivyoendelea, wanavyoogopana kwa utaratibu na kwa mstari, akaona aibu kwamba kwake wananchi bado wanaogopana kiholela. Aliporudi tu akaitisha mkutano Soko Kuu, akapandishwa juu ya lori la saruji.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Adui hana pembe! Na kwa kuwa adui hana pembe, Serikali yenu sikivu imeamua kwamba kila asiye na pembe achunguzwe!"

Watu wakapiga makofi. Wachache walijipapasa vichwa.

"Mkimwona mtu anatembea haraka, muulizeni anakimbia nini. Mkimwona anatembea polepole, muulizeni anangoja nini. Aliyesimama, huyo ndiye hasa! Na anayecheka..." Hapo Waziri akashusha sauti, na vipaza sauti navyo vikakoroma kidogo. "Anayecheka anajua jambo ambalo Serikali haijaelezwa."

"Na anayelia je, Mheshimiwa?" akauliza Bi Somoe kutoka kwenye meza yake.

"Anayelia yuko sawa," akajibu Waziri, na mkutano ukafungwa.

Ikatungwa Sheria ya Mienendo ya Kutiliwa Shaka Penye Msongamano. Kila safu ya meza sokoni ikapewa mlinzi wake, raia wa kawaida, aliyeitwa Jicho la Taifa. Jicho lilipewa kofia ya kijani na filimbi. Filimbi ikilia, kila mtu sokoni alitakiwa asimame pale alipo, ainue mikono juu, na afumbe macho, ili asishuhudie jambo la kumtia hofu. Kwa kuwa Wizara ilitaka wananchi wazoee, filimbi zilipulizwa mara nyingi bila sababu. Wezi wa sokoni, ambao sheria haikuwagusa kwa kuwa mienendo yao ilikuwa inafahamika na wala si ya kutiliwa shaka, walianza kufanya kazi bila haraka, na mmoja wao inasemekana alinenepa.

Safu ya dagaa na maharage ilimchagua Lugendo kuwa Jicho. Alichaguliwa kwa kauli moja kwa sababu siku ya kikao hakuwapo, na hivyo hakuweza kukataa.

Bi Somoe alipoiona ile kofia ya kijani alishika kiuno. "Loo! Tangu lini Wamlimani wakawa na vichwa? Hicho umeazima kwa mbuzi gani?"

"Nitukane tena," akasema Lugendo akitikisa filimbi yake, "nakupulizia."

"Puliza, tuone pumzi itatokea juu au chini."

Lugendo alicheka hadi kofia ikamwanguka ndani ya gunia la maharage. Siku hiyo kofia ilikuwa bado kitu cha kuchekwa.

Baada ya hapo Lugendo akashikwa na homa, homa ya kumlaza mtu na kumsahaulisha jina lake. Hakuonekana sokoni kwa majuma. Bi Somoe akamuuzia maharage yake, akipaza sauti, "Maharage ya marehemu haya, njooni kabla hayajarithiwa!" Jioni alipeleka uji kwa Lugendo, akamwachia mama yake, Bibi Kidawa, ajuza wa Kimlimani ambaye alikuwa hatoki tena kitandani lakini ulimi wake ulikuwa bado unatembea. Akitoka hapo Bi Somoe alilia njia nzima, na akifika karibu na kwake alifuta uso kwa kanga, maana si vizuri mtani kuonekana akimlilia mtani wake aliye hai.

Mungu si Athumani, Lugendo akapona. Na hapo ndipo panapotakiwa kuelezwa mila moja ya watu hawa. Mtani akiugua, mwenzake hamfanyii mzaha, maana ni uchuro. Humngoja apone. Akishapona na kusimama, mtani humnyatia kwa nyuma, palipo na watu wengi, akamtupia kamba na kumpima kuanzia utosini hadi kisiginoni, huku akilalamika kwa sauti kwamba kaburi limekwisha kuchimbwa, wachimbaji wamechoka, na sasa nani atakaa humo? Aliyepona hucheka, akatoa kibaba cha chochote alicho nacho ili shimo lifukiwe. Hapo ndipo amepona kweli. Asiyepimwa na mtani wake, husemwa, homa imemwacha mwili lakini bado imekaa mlangoni.

Lugendo alirudi mezani kwake siku moja kabla ya Sikukuu ya Utulivu, soko likiwa limefurika hata mtu hana pa kuweka mguu. Bi Somoe alikuwa amekwisha kusokota kamba yake ya katani tangu juzi yake. Akajifunika gunia kichwani, akachutama, akaanza kunyata katikati ya wateja, kidole mdomoni akiwanyamazisha. Waliomwona wakaelewa mara moja, wakaziba midomo kwa viganja wasimharibie. Lugendo alikuwa amempa mgongo, akizungumza na bwana mmoja mwenye miwani myeusi ambaye Bi Somoe alidhani ni mteja.

Bi Somoe akaruka.

"Simama wima, marehemu!" Kamba ikatua utosini. "Kaburi limechimbwa, wachimbaji wamechoka, sanda imeshonwa! Unataka tumzike nani humo, tumzike mbuzi aliyekuazima kichwa?"

Lugendo akageuka. Bi Somoe alikiona kabisa kicheko kikianza. Kilianza kwenye shavu la kushoto, kama kawaida yake, kikawa kinaelekea mdomoni. Kisha Lugendo akamtupia jicho yule bwana wa miwani, na kile kicheko kikarudi kilikotoka. Mkono wake ukapanda kifuani, ukaishika filimbi, akapuliza.

Soko zima likanyoosha mikono juu na kufumba macho. Bi Somoe naye akafumba, maana aliona hii kali, leo mtani amempata. "Ee, Mmlimani umenikomesha," akasema huku akicheka ndani ya giza la macho yake, akingoja kusikia kicheko cha mwenzake. Akangoja. Akahisi mikono ikishushwa, akadhani mzaha unaendelea; alipofumbua, ilikuwa imefungwa kwa ile kamba yake mwenyewe, na yule bwana wa miwani alikuwa anamwongoza kwenye gari. Watu wengine nao wakafumbua macho, na wengi wakajipapasa mifuko.

Yule bwana alikuwa Afande Mtutura, Mkuu wa Kitengo cha Mashaka ya Papo kwa Papo. Alikuwa mtu mpole. Alimkalisha Bi Somoe ofisini, akaiweka kamba juu ya meza katikati yao.

"Mama, kamba hii ni ya nini?"

"Ya kumpima Lugendo kaburi, mwanangu."

Afande akamtazama askari aliyekuwa mlangoni. Hakuwahi kupata kazi rahisi namna hii. "Kwa nini umpime kaburi?"

"Si kwa sababu amepona?"

"Kwa hiyo ulikasirika kwamba amepona."

"Nilifurahi! Nimelia kwa furaha mie!"

"Ulifurahi, ndipo ukaenda kumpima kaburi."

"Ndivyo. Mtu hupimwa akishapona. Ukimpima mgonjwa si utakuwa mchawi?"

"Mashahidi wamekusikia ukisema kaburi limekwisha kuchimbwa. Liko wapi?"

"Hakuna kaburi, mwanangu. Ni maneno tu. We kwenu hamna watani?"

"Mimi kwetu ni Wizarani," akasema Afande Mtutura. "Hakuna kaburi, au hutaki kutuonyesha?"

Wakatumwa askari wenye sepetu nyumbani kwa Bi Somoe kulitafuta. Walichimba nyuma ya jiko, hawakuona kitu. Afande akawaeleza kwamba kaburi lililofichwa vizuri ndilo la hatari zaidi, basi wakaongeza kina. Kufika alasiri shimo lilikuwa limemmeza askari mzima, inaonekana kofia tu. Hapo akafika Naibu Mkurugenzi kutoka makao makuu, ambaye alichelewa kwa sababu ya chakula cha mchana. Akachungulia shimoni, akashika mdomo.

"Kumbe ni kweli!" akasema.

Askari wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amefundishwa namna ya kumwambia Naibu Mkurugenzi kwamba amekosea, basi wakapiga saluti. Wakalipima lile shimo kwa kamba ya Bi Somoe. Likapungua kidogo, wakaongeza upande wa miguu, likaenea sawasawa. Jioni redio ikatangaza kwamba vyombo vya dola vimegundua kaburi.

Bi Somoe aliyasikia hayo akiwa mahabusu, na hakutishika sana. Sheria ile haikuwa na roho mbaya moja kwa moja. Ilikuwa na Kifungu cha Huruma, kilichosema kwamba kama aliyetendewa atasimama mbele ya Baraza na kutamka kuwa mtuhumiwa ni mtani wake, basi shauri limekwisha, kila mtu aende kwake. Neno moja tu. Akawaambia wanawake aliofungiwa nao, "Kesho mtamwona Mmlimani wangu. Ataingia na lile tumbo lake la maharage, atanitukana mbele ya Baraza, na mie nitamjibu, mtacheka mpaka mfunguliwe wote." Jibu lenyewe alikuwa amekwisha kuliandaa, akawa analirudia kimoyomoyo akilala, akitabasamu.

Baraza lilikaa katika ukumbi wa soko, na watu walijaa hadi madirishani. Lugendo aliingia. Kofia yake ilikuwa mpya, imeongezwa utepe wa dhahabu. Bi Somoe alimpungia mkono, pingu zikagongana.

Mwenyekiti wa Baraza akakohoa. "Bwana Jicho, unamfahamu mwanamke huyu?"

"Namwona sokoni, Mheshimiwa."

"Ni mtani wako?"

Lugendo akaiweka sawa kofia yake. Ukumbi mzima ulikuwa unalijua jibu, na hata mlinzi wa mlangoni alikuwa analijua, kwa kuwa alikuwa mteja wao. Bi Somoe akaona amsaidie.

"Sema, we Mmlimani, au maharage yamekukwama?"

Ukumbi ukacheka, kicheko kifupi, kisha watu wakakumbuka walipo wakakimeza. Lugendo hakucheka. Alikuwa akitazama ncha za viatu vyake.

"Mimi sina mtani," akasema.

"Ongeza sauti, Bwana Jicho. Taifa linasikiliza."

"Sina mtani, Mheshimiwa. Sijawahi kuwa na mtani. Mama huyu alinijia kwa nyuma na kamba, nikaogopa."

Angesema ni mwizi, Bi Somoe angevumilia, maana mwizi ni neno la kiserikali na Lugendo alikuwa mtu wa Serikali sasa. Angesema amemkosea, angeomba radhi. Lakini alikuwa amesema kwamba miaka yote ile, matusi yote yale, paa lililozibwa na uji uliopelekwa, havikuwa kitu, ni mama mmoja tu anayeonekana sokoni. Lile jibu zuri alilokuwa ameliandaa likamtoka kichwani.

"Lugendo," akamwita. Hakuwahi kumwita kwa jina tupu tangu wajuane. "Lugendo, hebu nitazame."

Hakumtazama.

Mwenyekiti aliguswa sana na ushahidi huo. Alisema kwamba taifa lisiloogopa ni taifa lililolala, na kwamba Bwana Lugendo ameogopa kwa niaba yetu sote. Kwa heshima ya Sikukuu ya Utulivu, Bi Somoe hakufungwa. Alipigwa marufuku kukanyaga sokoni, au mahali popote penye watu zaidi ya watano, isipokuwa msibani na kwenye mapokezi ya viongozi, ambako wingi wa watu ni jambo la kujivunia. Lile shimo nyuma ya jiko lake lisifukiwe, bali liwekewe kibao cha KABURI LA NJAMA, USISOGEE, ili vijana wajifunze. Na meza yake ya dagaa akabidhiwe Lugendo, jicho lipate nafasi ya kuona.

Lugendo aliipokea. Watu walingoja waone kama ataikataa, angalau kwa kunung'unika kidogo, lakini aliunganisha meza mbili zikawa moja ndefu, upande mmoja maharage, upande mwingine dagaa.

Mambo yakaenda hivyo. Bi Somoe akawa anauzia dagaa mlangoni kwake, wateja wakija wanne kwa mara moja, na wa tano akingoja barabarani. Wanafunzi waliletwa kulitazama shimo. Huko sokoni utani ulikufa bila kuzikwa. Mbondeni alipokutana na Mmlimani alimwambia, "Hujambo, ndugu yangu," naye akajibiwa, "Sijambo, ndugu yangu," kisha wakapishana wakitazama mbele. Wizara ikatangaza kwamba mahusiano ya jamii hizo mbili yameimarika kupita matarajio. Msimu uliofuata Mbondeni na Mmlimani wakagombania mpaka wa shamba, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu tena kumtukana mwenzake, wakachomeana nyumba. Wizara ikajipongeza kwa kuwa ndiyo iliyoonya mapema.

Ndipo Bibi Kidawa, mama yake Lugendo, akafariki.

Asubuhi ile ile Lugendo alipiga hodi kwa Bi Somoe. Kofia alikuwa ameikunja akaitia mfukoni, ila utepe wa dhahabu ulichungulia. Zamani angeingia bila hodi, akafunua chungu jikoni na kuuliza nani amekufa humo ndani. Leo alisimama kizingitini.

"Karibu ndani, bwana," akasema Bi Somoe, akamvutia kiti cha wageni.

Lugendo akakitazama kile kiti. Hakuwahi kukikalia. "Mama ametutoka," akasema.

"Nimesikia. Pole sana."

"Kesho tunamtoa." Akafuta uso. "Somoe, we unajua mila. Maiti ya Kimlimani haitoki mlangoni bila mtani."

Bi Somoe aliijua. Jeneza linapofika mlangoni, mtani hujilaza pale kizingitini, akakataa lisipite. Humtukana marehemu kwa kukimbia na kuwaacha watu na kazi, huwatukana wafiwa kwa kulia vibaya, mpaka katikati ya machozi mtu mmoja anashindwa kujizuia na kucheka, kisha mwingine, kisha wote. Wafiwa hutoa kibaba cha chochote, mtani huinuka, na maiti hutoka akisindikizwa na watu ambao vifua vyao vimefunguka. Asiyezuiwa mlangoni, husemwa, ameondoka hana mtu wa kumtaka abaki.

"Nimewaendea Wabondeni wote," akasema Lugendo. "Wanaogopa. Kila mmoja ananiita ndugu yangu."

"Wana adabu."

"Somoe, nisikilize. Siku ile yule bwana alikuwa amekuja kuniambia kwamba mwezi unakwisha na safu yangu haijatoa hata mtuhumiwa mmoja. Akasema jicho lisiloona hung'olewa. Nilikuwa nimetoka kuugua, nina mama kitandani. Na wewe ukaruka wakati huohuo! Ningefanyaje?"

Bi Somoe alifikiri kwa haki kabisa, maana alikuwa amejiuliza swali hilo mara nyingi kwa niaba yake.

"Ungecheka," akasema.

"Mbele ya yule?"

"Ungecheka tu, Lugendo. Angetuchukua wote wawili. Tungekaa ndani tukitukanana mpaka watuchoke watufukuze." Sauti ikamkatika, akaitafuta, akaipata. "Siku ile uliogopa, nakuelewa. Na ile siku ya Baraza je? Ulikuwa na usiku mzima wa kuacha kuogopa. Na meza yangu, nayo uliichukua kwa kuogopa?"

Lugendo aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka kwenye shati la msiba. "Njoo kwa ajili ya mama," akasema.

"Nitakuja. Bibi Kidawa hajanikosea kitu."

Na kweli alikwenda, na mapema. Alikaa chumbani na wanawake waliokuwa karibu na maiti, na Wamlimani wale walipomwona wakasogea kumpa nafasi, mmoja wao akinong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako, dada, tusamehe." Bi Somoe akamwinamia Bibi Kidawa sikioni. "We ajuza," akamwambia polepole, "umeona ukimbie kabla sijaja kula kwako! Nenda, lakini huko usiwapikie maharage, watakurudisha kwa miguu." Wale wanawake wakacheka ndani ya kanga zao huku wanalia. Bi Somoe naye akalia sana, kwa sababu ajuza yule alikuwa akimpenda, na kwa sababu alikuwa amekwisha kuamua.

Wakati ukafika. Wanaume wakalibeba jeneza begani, Lugendo mbele upande wa kulia, na mkononi ameshika kibaba cha maharage tayari kwa kumkombolea mama yake. Watu wa nje wakajisogeza kuelekea mlangoni. Hapakuwa na kelele. Bi Somoe akainuka mkekani, akajikung'uta, akatembea hadi kizingitini, na uwanja mzima ukashusha pumzi.

Akasimama kando, mgongo ukutani, akaikunja kanga yake vizuri ili isimkwaze mtu.

"Piteni, waheshimiwa," akasema. "Poleni sana kwa msiba."

Jeneza likasimama. Lugendo alibaki ameshikilia kile kibaba mbele yake.

"Somoe," akasema. "Nakuomba. Nitukane."

"Mtu asiye na mtani hazuiwi mlangoni, bwana," akamjibu kwa upole na kwa heshima zote, sauti ya mtu anayezungumza na mgeni. "Hupita tu."

Akangoja. Wenzake waliobeba nyuma walianza kulemewa, na mmoja akamwambia kwa chini asogee. Lugendo akajaribu kucheka mwenyewe. Shavu la kushoto likatikisika, mdomo ukafunguka, kikatoka kitu ambacho watu walikiinamia macho ili wasikione. Kisha akasogea, jeneza likapita mlangoni bila kuguswa na mtu, na maharage yakawa yanamdondoka njiani moja moja bila yeye kujua.

Bi Somoe aliwapisha wote hadi wa mwisho, akimwambia kila mmoja pole. Uwanja ulipobaki mtupu alikwenda jikoni kwa wanawake, akauliza kama kuna kazi yoyote ambayo mgeni anaweza kusaidia.